Kumfundisha maksai kusimama

Nikiwa na umri wa miaka tisa, kazi yangu katika msimu wa kulima ilikuwa kutembea mbele ya maksai wanne. Baba alishika mikono ya plau, kaka yangu alitembea kando akiwa na kiboko, nami nilitangulia miguu mitupu, kamba ya jozi ya mbele mkononi, nikisubiri tufike mwisho wa shamba tugeuke na kuanza tena. Hiyo ilikuwa Bungoma, magharibi mwa Kenya, miezi ya Februari na Machi, kabla ya masika. Maksai mchanga alifungwa nira pamoja na mkongwe aliyekwisha kuizoea kazi, na yule mkongwe ndiye aliyekuwa mwalimu wake halisi: mkongwe akienda, kijana alikwenda, mkongwe akigeuka, kijana aligeuka au alikabwa shingo. Sisi binadamu tuliongeza kelele tu.

Kwa hiyo binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, aliponiambia mezani kwamba anataka kulea maksai na kumwonyesha katika maonyesho ya kaunti, nilimkubalia upesi kama mwanafunzi aliyekuta katika mtihani mzima swali moja analolijua. Tunaishi Iowa, Marekani, katika mji mdogo ambako mashamba ya mahindi yanafika hadi nyuma ya uwanja wa shule. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mengi katika maisha ya watoto wangu hapa, kuanzia michezo yao hadi mizaha yao, huwa nayatazama kutoka pembeni, na nilidhani kwamba hatimaye limepatikana jambo ambalo ningekuwa mwenyeji. Ilinichukua majira mazima ya baridi kuelewa kwamba nilichokijua mimi ni kumfanya maksai aende, ilhali kinachotakiwa uwanjani ni kinyume chake: mnyama wa karibu kilo mia sita aliyesimama tuli, kila mguu mahali pake, kichwa juu, huku mtu asiyemjua akimpapasa mbavu.

Watoto huingia katika jambo hili kupitia vilabu vya vijana vya 4-H, ambavyo hapa husimamiwa na huduma za ugani za Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa. Herufi nne za H zinasimamia kichwa, moyo, mikono na afya, na alama ya klabu ni jani la klova, mmea wa malisho, lenye vipande vinne. Watu wa Iowa hawachoki kukumbusha kwamba ni mwalimu wao, Jessie Field Shambaugh, msimamizi wa shule katika kaunti ya Page, aliyewabunia wanafunzi wake beji ya klova ya vipande vitatu mwaka 1910. Niliposikia habari hiyo katika mkutano wa kwanza wa wazazi, nilijikuta nikitabasamu peke yangu, kwa sababu mimi pia niliwahi kuwa mtoto wa klabu ya namna hiyo. Kenya ilianzisha vilabu vya 4-K mwaka 1962 kwa kufuata mfano huohuo wa Marekani, na K zetu zilikuwa Kuungana, Kufanya na Kusaidia Kenya. Katika shule yetu ya msingi tulilima sukuma wiki na kufuga sungura, na sungura hao hawakuonyeshwa popote. Waliliwa na walimu, au ndivyo tulivyoamini. Vilabu hivyo vilififia, vikazinduliwa upya mwaka 2021.

Kiongozi wa klabu alitushauri tuanze na kile wanachokiita ndama wa ndoo, yaani ndama mchanga anayenyweshwa maziwa kwa chupa au ndoo, ambaye watoto wadogo humleta kwenye maonyesho na kumweleza mwamuzi habari zake. Ulikuwa ushauri mzuri. Binti yangu aliukataa kwa adabu, akasema kwamba anataka mnyama ambaye atakuwa mkubwa kuliko baba yake.

Ndama tulimnunua mwezi wa Oktoba, muda mfupi baada ya kuachishwa kunyonya, kutoka kwa mfugaji wa kaunti ya jirani. Alikuwa chotara wa Angus na Charolais, aina mbili za ng'ombe wa nyama, na kama walivyo machotara wengi wa mchanganyiko huo, rangi yake ilikuwa kijivu kama moshi. Alikuwa na kilo 250, na alikwisha kuhasiwa tangu utotoni. Tulimweka katika banda la jirani yetu, mzee ambaye watoto wake wote walipita katika 4-H na ambaye alitukodishia kizimba kimoja kwa sharti kwamba kinyesi tutakizoa wenyewe. Fedha za kumnunua ndama nilimkopesha binti yangu, tukaandikiana mkataba wa ukurasa mmoja, na mkataba huo ukabandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake la hesabu, kwa kuwa 4-H inadai kumbukumbu za kila senti na kila kilo ya chakula.

Kabla hatujalipa, nilimketisha binti yangu garini nikamweleza mahali ambapo ndama huyo ataishia. Nilikuwa nimesikia kwa wazazi wengine kwamba kosa kubwa ni kuliacha jambo hilo hadi usiku wa mnada. Maksai wa maonyesho ni mnyama wa nyama. Mwezi wa Julai atauzwa, na ataondoka kwa lori. Alinisikiliza, akaangalia nje ya dirisha, kisha akaniuliza, "Wale maksai wenu wa plau, Baba, waliishia wapi?" Nilimwambia ukweli: baada ya miaka sita au saba, miguu ikianza kuchoka, waliswagwa hadi soko la Chwele na kuuziwa wachinjaji. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo ni yaleyale," alisema, "ila wa kwenu walifanya kazi kwanza." Sikuwa na la kuongeza. Nilimshauri angalau asimpe jina. Kabla hatujafika nyumbani, ndama alikwisha kuitwa Mawingu.

Hatua ya kwanza ni kamba. Hatamu ya kamba huvalishwa kichwani kwa namna ambayo ukanda wa pua unakaa juu, karibu na macho, wala hauteremki hadi penye nyama laini ya pua ambako ungembana pumzi. Na mkia wa kamba hutokea upande wa kushoto, chini ya taya, kwa sababu mwongozaji hutembea kushoto kwa mnyama. Ukimvalisha kinyume, kamba haitalegea hata ukiiachia, na kulegea ndiko lugha yote. Mzee jirani alituagiza tumwache Mawingu aikokote kamba hiyo kizimbani kwa siku kadhaa, huku tukimchungulia mara kwa mara asije akanasa mahali. Nilidhani ni uvivu wa mzee. Lakini nilipokaa na kutazama, niliona maana yake: kila alipoikanyaga kamba kwa kwato, kichwa kilivutwa chini; alipokaza shingo, hakupata kitu; aliposogeza kichwa na kuinua mguu, kamba ililegea mara moja. Alijifundisha mwenyewe, bila mtu wa kumchukia, kwamba kuukubali mvuto ndiyo njia ya kuuondoa.

Kisha akaanza kufungwa. Alifungwa kwenye mlingoti imara, usawa wa kichwa, kamba ikiwa fupi ili asiweze kuirukia kwa miguu, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja likitokea la kutokea. Siku ya kwanza alijitupa nyuma kwa uzito wake wote hadi macho yakamtoka, akapiga magoti, akalala ubavu, akainuka, akajaribu upya. Binti yangu hakuruhusiwa kumwacha peke yake. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua chache kando, akisoma kwa sauti, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, siku ambayo nyumbani kwetu watoto hufanya somo la Kiswahili watake wasitake, alichosoma ni zoezi la ngeli. Sidhani kama kuna ndama mwingine katika jimbo la Iowa aliyeachia kuvuta kamba katikati ya KI-VI. Baada ya dakika arobaini hivi alisimama, akahema, akaanza kucheua. Mnyama anayecheua hana hofu. Ndipo alipofunguliwa, kwani ukimfungua akiwa bado anapigana unamfundisha kwamba kupigana ndiko kunakofungua.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wiki ya tatu, Mawingu akiwa anafungwa bila fujo, binti yangu alijaribu kumwongoza uani. Alimvuta; ndama akasimama kama kisiki, miguu ya mbele ameikita. Nilikuwa nimetoka zamu, nina baridi na usingizi, na kitu cha zamani kikaniamka kifuani. Nilizunguka nyuma ya mnyama, nikapiga makofi na kutoa ule ukelele wa shambani ambao sikuwa nimeutoa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mawingu alikwenda. Alikwenda kama risasi. Kamba ilimtoka binti yangu mikononi ikamchoma hata kupitia glavu, na bahati yetu ni kwamba mzee jirani alikuwa amemwonya tangu siku ya kwanza asizungushe kamba mkononi kamwe, maana mtoto aliyezungushiwa kamba kiganjani huburutwa. Ndama akavuka uwanja, akapita ua uliolala, akaingia katika shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Tulimpata baada ya saa mbili, kwa ndoo ya mahindi na subira ya mzee, wala si kwa mbio zangu.

Mzee hakunilaumu. Alisema tu kwamba sasa ndama amejifunza kuwa ana nguvu kuliko sisi, na kwamba ng'ombe hasahau upesi. Binti yangu alinilaumu. Jioni hiyo aliniambia, bila ukali, "Baba, wiki mbili usije bandani." Nilikaa nyumbani wiki mbili. Ni adhabu niliyostahili, na yaliyofanyika katika wiki hizo nayajua kwa kusimuliwa tu: kila alasiri alimfunga Mawingu, akamwacha apate kiu, kisha akamwongoza hadi kwenye hori la maji na kumrudisha hadi kwenye chakula, safari mbili ambazo mnyama mwenyewe alizitaka. Mvuto mdogo, hatua moja, kamba ilegee. Mvuto, hatua mbili, kamba ilegee. Niliporuhusiwa kurudi, niliwakuta wakitembea bega kwa bega katika theluji, kamba imening'inia kati yao kama uzi wa kuanikia nguo.

Habari za chakula ningeweza kuzipitia haraka, kwa kuwa kila eneo lina vyake na mshauri wa ugani atakupa kipimo. Nitasema jambo moja tu. Haraka huua. Tumbo la ng'ombe ni pipa la vijidudu vinavyochachua majani, na vijidudu hivyo huhitaji wiki kadhaa kuzoea nafaka. Ukimwongezea mahindi kwa pupa, tumbo huchachuka au huvimba ubavu wa kushoto, na unaweza kuamka asubuhi ukute hasara. Binti yangu alianza na nyasi kavu nyingi na mahindi machache, akaongeza kidogokidogo. Mwezi wa Januari maksai wote wa kaunti walipimwa rasmi, wakawekwa hereni za utambulisho, na waliokusudia kufika hadi maonyesho ya jimbo wakang'olewa manyoya kwa ajili ya vipimo vya vinasaba, ili mtu asije akabadilisha mnyama njiani. Mawingu alikuwa na kilo 330. Mwezi wa Julai alifika 590, na hesabu aliyoifanya binti yangu usiku chumbani kwake darini, kwa penseli, ilionyesha kwamba maksai ameongezeka karibu kilo moja na nusu kila siku. Alinionyesha karatasi hiyo kwa fahari ambayo sijawahi kuiona kwenye ripoti yake ya shule.

Kuna pia mafunzo ya lazima kwa watoto wenye mifugo, kila mwaka, kuhusu ubora wa matunzo. Nilitegemea mahubiri, nikakuta somo zito: jinsi ya kusoma lebo ya dawa, mahali pa kuchoma sindano shingoni ili nyama nzuri isiharibike, na idadi ya siku za kusubiri baada ya dawa kabla mnyama hajachinjwa. Binti yangu wa darasa la tano alirudi nyumbani akanihoji mimi, muuguzi, kuhusu dozi, na akanikosoa mara moja kwa haki.

Kisha kulikuwa na usafi, na hapa naomba wasomaji wa Bungoma wanivumilie. Kuanzia mwezi wa Mei maksai alioshwa kila siku. Hakuoshwa kwa sababu alikuwa mchafu. Maji baridi na upepo huyafanya manyoya yake yaote na kusimama. Aliogeshwa asubuhi, akasuuzwa hadi povu lote likatoka, kwa kuwa sabuni inayobaki huacha mba, kisha akapigwa upepo kwa mashine yenye mlio wa ndege, huku binti yangu akichana manyoya kwenda mbele na juu, wala si kwenda chini kama wewe na mimi tungefanya. Mchana wa joto alikaa kivulini mbele ya feni mbili. Nilipomweleza mama yangu kwa simu kwamba mjukuu wake anamwogesha maksai na kumwekea feni, kulikuwa na kimya kirefu, kisha akauliza, "Huyo maksai analima ekari ngapi kwa siku?" Binti yangu, ambaye humwita bibi yake Kukhu, alichukua simu. "Halimi, Kukhu. Anasimama." Mama alicheka hadi akaanza kukohoa.

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Mwongozaji hutembea kushoto kwa mnyama, kamba mkono wa kulia, fimbo mkono wa kushoto. Anaposimama, hugeuka kumkabili, kamba ikahamia mkono wa kushoto na fimbo mkono wa kulia, na mabadilishano hayo yafanyike bila kuangusha kitu na bila kumpa mwamuzi mgongo. Fimbo ni ndefu na nyembamba, ina ncha na kindoano kidogo. Haikusudiwi kupiga. Kwa ncha hiyo mtoto hubonyeza katikati ya kwato, palipo laini, ili mguu wa nyuma urudi nyuma. Kwa kindoano huuvuta uje mbele. Na miguu ikishakaa, huipitisha fimbo polepole chini ya tumbo, mbele na nyuma, kumkuna maksai hadi mgongo unyooke na macho yalegee. Kumkuna huko ndiko kunakomtuliza. Sisi tulikuwa na kiboko. Hawa wana mkuno, na nakiri kwamba mkuno una nguvu zaidi.

Mikono yake ilichanganyikiwa mwanzoni, na Mawingu alianza kuchoshwa na makosa, kwa hiyo tuliamua kufanya mazoezi sebuleni. Maksai nilikuwa mimi. Nilipiga magoti na viganja zuliani, mshipi wa joho langu la kuogea ukiwa hatamu, na binti yangu akanizungusha kuikabili runinga, akasimama, akabadilisha mikono, akanigusa kifundo cha mguu kwa fimbo hadi nikauweka anapotaka. Nilipotikisa kichwa alikiinua kwa kamba, taratibu. Mke wangu alikaa kwenye kochi kama mwamuzi, akanibonyeza mbavu, akatangaza kwamba huyu amenenepa kupita kiasi. Ila nilijifunza jambo pale chini ambalo nisingelijua nikiwa nimesimama: kwamba mkono unaovuta kwa wasiwasi unahisiwa hata na mtu mzima mwenye akili zake, na kwamba nilikuwa nautambua wasiwasi wa mwanangu kabla hajausema.

Mwezi wa Juni kulikuwa na maonyesho madogo ya mazoezi. Mawingu alitembea vizuri hadi mlangoni mwa uwanja, akagoma. Binti yangu alimvuta. Watoto wengine wakasubiri nyuma. Mimi nikiwa nje ya uzio nilihisi ule ukelele ukinipanda kooni, nikaubana. Kilichokuwa mlangoni ni kivuli cha boriti, mstari mweusi juu ya mchanga mweupe. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ameeleza kwa miaka mingi jinsi ng'ombe wanavyogomea vivuli, minyororo inayoning'inia na mwanga unaobadilika ghafla. Macho ya ng'ombe yako pembeni, yanaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa, lakini hayapimi vizuri kina cha kitu kilicho mbele, na mstari wa kivuli kwake unaweza kuwa shimo. Binti yangu hakuwa amesoma hayo. Alilegeza kamba, akaacha Mawingu ashushe kichwa, anuse, apumue juu ya ule mstari hadi vumbi likaruka. Labda nusu dakika, ambayo kwangu ilikuwa kama zamu nzima. Kisha maksai akaruka kivuli kama mtu anayeruka mtaro, wakaingia. Walikuwa wa mwisho siku hiyo, na haikumwumiza, kwa sababu alijua alichofanikisha na mwamuzi hakujua.

Siku ya maonyesho ya kaunti, katikati ya Julai, tulifika alfajiri na mapipa mawili ya maji ya kisimani kwa mzee, kwa kuwa baadhi ya maksai hukataa maji yenye harufu ya ugeni, na maksai aliyekataa maji huonekana tumboni. Hilo ni dokezo la mzee, na nalipitisha kwa yeyote. Kanuni za kaunti yetu zilikataza gundi ya manyoya, jambo lililonifurahisha, maana nilikuwa nimeona watu wazima wakimpaka maksai wa mtoto wao miguuni kwa saa mbili huku mtoto mwenyewe akila barafu tamu pembeni. Kazi ya mzazi siku ile, kwa maoni yangu, ni kushika ndoo na kunyamaza.

Katika kundi la uzito wake walikuwa saba. Walizunguka uwanja, wakajipanga. Mawingu alisimama, mguu wa nyuma wa kulia ukiwa ndani mno, fimbo ikashuka, ikabonyeza, mguu ukarudi. Mwamuzi alikuja, akaweka kiganja juu ya mbavu za mwisho kupima mafuta kwa vidole, akapita mgongoni hadi kiunoni, kisha akamwuliza binti yangu angebadilisha nini kwa mnyama wake kama angeweza. Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia. Alijibu kwamba Mawingu amepungukiwa mafuta kidogo mbavuni, angehitaji wiki tatu zaidi, na kwamba kosa ni lake kwa sababu alichelewa kuongeza mahindi mwezi wa Machi. Mwamuzi alitikisa kichwa kukubali. Kwa muda wote huo fimbo iliendelea kwenda na kurudi chini ya tumbo, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua bado anaisogeza.

Alikuwa wa tano. Katika vilabu hivi mnyama hupimwa pia dhidi ya kiwango, si dhidi ya wenzake peke yao, na kwa hesabu hiyo alipata utepe wa buluu, ambao ni wa kiwango kizuri kweli. Upo ukutani.

Mnada ulifanyika siku mbili baadaye. Binti yangu aliingia na Mawingu, akatoka naye, na kwa bei ile deni langu lililipwa, gharama za chakula zikalipwa, na kikabaki kiasi alichokiweka benki bila kuniomba ushauri. Wanunuzi waliandikiwa barua za shukrani kwa mkono wake, moja moja, na picha ndani. Lori lilikuja usiku, baada ya saa nne. Daraja la kupandia lilikuwa la chuma, na taa ya nyuma ya lori ilitupa kivuli chake chini. Mawingu alisimama mbele ya kivuli kile. Mtu wa lori alisogea kumsukuma, nami, sijui hata nilivyothubutu, nilimwekea mkono kifuani nikamwomba asubiri. Binti yangu alilegeza kamba. Maksai akashusha kichwa, akanusa. Akapanda. Huko juu binti yangu alimvua hatamu, akashuka nayo, na kutoka pale hadi kwenye gari hakusema neno, nami sikutafuta neno. Alilia njia nzima. Karibu na nyumbani aliuliza kama kuna kitu cha kula.

Kesho yake tulimpigia mama yangu, ambaye alikuwa ameniuliza habari za maonyesho hayo wiki mbili mfululizo.

"Alisimama?" aliuliza.

"Alisimama, Kukhu. Mpaka mwamuzi akamaliza."

"Bila nira?"

"Bila nira."

Mama alinyamaza, nikasikia kuku wake nyuma. "Na kamba," alisema, "kamba mmerudi nayo?"

"Tumerudi nayo."

"Ioshe, uianike kivulini. Jua hukausha kamba ikavunjika."

Binti yangu aliniachia simu, akaenda kuitoa msumarini.